Betri mbili garini: waya, fyuzi na safari ya kutoka Kisii hadi Migori

Leo tunaacha programu kando, tunafungua boneti.

Ukishuka na barabara ya A1 kutoka Kisii, ukapita Rongo, Awendo na Uriri, unaingia mji wa Migori, katika kaunti yenye mtambo wa umeme wa Gogo kwenye mto Kuja. Ulijengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya mgodi wa shaba wa Macalder. Stima ilienda mgodini. Boma nyingi zikabaki na koroboi kwa miongo. Ndiyo maana betri ya gari ikawa stima ya kijijini: ya redio, ya televisheni ndogo, na baada ya M-Pesa kuanza Machi 2007, ya simu. Ikiisha, ilikuwa inabebwa hadi sokoni ikachajiwe kwa malipo.

Mwenye gari alikuwa na njia nyingine: betri ya pili, ichajiwe safarini. Relei inaziunganisha injini ikiwaka na kuzitenganisha ikizimwa, ili asubuhi gari liwake hata kama usiku mmetazama mpira hadi mwisho. Jambo hili lilipata maana zaidi miaka ya 1960, altaneta ilipoanza kuchukua nafasi ya dinamo, kwa sababu altaneta hutoa mkondo wa kutosha hata injini ikienda polepole.

Sasa waya. Magari ya zamani yalikuwa ya volti 6. Yakahamia 12 kwa sababu nguvu ileile ikahitaji nusu ya mkondo. Lakini volti 12 bado ni kidogo! Chukua waya wa milimita mraba 2.5, mita 5 kwenda na 5 kurudi. Ukinzani wake ni kama omu 0.07. Pitisha ampea 20: zinapotea volti 1.4. Altaneta inatoa 14.2, betri ya nyuma inapata 12.8. Itachelewa sana kujaa, na betri ya asidi isiyojaa hufa mapema, na pesa za mwenyewe zinakwenda nayo. Tumia waya wa 16, upotevu unashuka hadi volti 0.22.

Fyuzi nayo (Edison alipata hataza yake 1890) hailindi betri wala redio. Inalinda waya. Kwa hiyo iwe juu ya mkondo wa kawaida, chini ya uwezo wa waya: kwa ule wa 16, fyuzi ya 60 inatosha. Tena ziwe mbili, moja karibu na kila betri, maana waya ukichunika katikati, moto unaweza kuletwa na upande wowote. Anayefunga karatasi ya sigara mahali pa fyuzi amegeuza waya wote kuwa fyuzi, chini ya kiti cha abiria.

Magari mengi mapya yana altaneta inayoshusha volti makusudi ili kuokoa mafuta. Humo relei haitoshi, inatakiwa chaja ya kupandisha volti. Na dukani, kwaruza ncha ya waya kwa kisu kabla ya kulipa. Ndani ikiwa nyeupe, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na hesabu ya hapo juu haiifai.