Jaji wa Nairobi aliyeuliza: sababu iko wapi?

Jamaa nyingi za Kolwezi ziko na mtu aliyevuka mpaka. Wengine walibaki Zambia, kule Meheba, kambi iliyofunguliwa mwaka wa 1971. Wengine walisonga mbele mpaka Nairobi. Kisha siku moja simu inalia: ofisi imekataa, na karatasi yenyewe haisemi kwa nini. Wengi wanafikiri habari imeishia pale. Yaliyotokea Kenya yanaonyesha kwamba haiishii pale siku zote.

Tarehe 18 mwezi wa 12 mwaka wa 2012, serikali ya Kenya ilitangaza kwamba wakimbizi wanaoishi mijini waondoke. Wasomali waende Dadaab. Wengine wote, Wakongomani pia, waende Kakuma, kule kaskazini kwenye ukame. Sababu? Usalama. Ni kweli magruneti yalikuwa yamerushwa mijini. Lakini mama anayeshona nguo Nairobi, watoto wake wako shuleni, hakuambiwa yeye alikosa nini.

Shirika la Kituo cha Sheria liliingia Mahakama Kuu, na wakimbizi wenyewe waliingia pia. Walishika Katiba ya 2010. Kifungu cha 47 kinasema: mtu ambaye haki yake inaumizwa na uamuzi wa ofisi ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi.

Tarehe 26 mwezi wa 7 mwaka wa 2013, Jaji David Majanja alifuta amri ile. Kwake haikutosha serikali kutaja magruneti. Ilipaswa kuonyesha namna gani kuwahamisha watu hawa kungeleta usalama. Kuwahesabu wakimbizi wote kama wahalifu, hilo alilikataa kabisa.

Hapa ndipo watu wanachanganya. Jaji wa namna hii hagawi ukimbizi. Anafungua faili, anasoma sababu ya ofisi, anaangalia kama inasimama. Isiposimama, uamuzi unaanguka. Ofisi inaweza kuanza upya, na inaweza hata kukataa tena, ila sasa lazima ijieleze.

Serikali nayo ilirudi. Mwezi wa 9 mwaka wa 2013 watu 67 waliuawa Westgate. Mwezi wa 3 mwaka wa 2014 amri ya kambi ilitoka tena, wakimbizi wakapinga tena, na mwezi wa 6 Mahakama Kuu ikawakatalia. Ushindi wa 2013 haukutimiza hata mwaka mmoja. Ni uchungu, na hakuna haja ya kuuficha.

Lakini mlango haukufungwa. Mwaka wa 2015 Kenya ilipata sheria mpya: ofisi ikiombwa sababu na isitoe, uamuzi wake unahesabiwa kwamba hauna sababu nzuri, mpaka ithibitishe kinyume. Na tarehe 9 mwezi wa 2 mwaka wa 2017, Jaji John Mativo alizuia kufungwa kwa Dadaab, kambi iliyokuwa na watu zaidi ya 250,000.

Sheria hiyo haivuki mpaka wa Kenya. Kwa mkimbizi anayeomba hapa Kongo, kuna sheria ya 2002 na ofisi ya CNR. Aliye Nairobi anaweza kurudi kwenye ofisi iliyomkatalia, aombe sababu kwa maandishi, na abaki na kopi yenye tarehe.