Kibao cha Mbwa Kali

Kwenye geti letu kule Njoro kuna kibao cha bati kilichoandikwa MBWA KALI. Kimekaa hapo tangu nikiwa darasa la tatu. Mbwa mwenyewe hatujawahi kuwa naye. Mama alikinunua hadiwea mwaka ambao nyumba tatu za majirani ziliibiwa ndani ya wiki moja. Alisema mwizi hawezi kujua kama kweli kuna mbwa ndani, lakini kusoma anajua.

Mama alituacha miaka miwili iliyopita. Baba ana miaka 67, anaishi peke yake na kuku, na mapema mwaka huu aliamua kibao kiache kudanganya watu. Anataka German Shepherd, ambaye yeye humwita "Alseshen" kama wazee wengi wa rika lake. Na hataki mbwa mkubwa aliyefunzwa tayari. Anataka mtoto wa wiki nane, amlee mwenyewe. Akanipigia simu: "Mami, wewe uko na wakati. Nisomee hii maneno ya mbwa, uniambie vile nitajipanga."

"Uko na wakati" ndiyo njia yake ya adabu ya kusema niliacha chuo mwaka wa tatu na sina ofisi inayoningoja asubuhi.

Nilidhani ni kazi ya wikendi moja: banda, chanjo, chakula, basi. Nimekaa nayo miezi mitatu. Kila swali dogo nililouliza kuhusu huyu mbwa lilinirudisha Njoro, hadi kwenye paja la babu yangu.

Babu, yaani babake Baba, alifanya kazi kwenye shamba la mlowezi si mbali na nyumbani. Kazi yake ilikuwa kuwapikia mbwa. Walikuwa wanne. Kichwa cha ng'ombe, unga wa mahindi, sufuria ya kutosha kuogea mtoto. Posho yake yeye ilikuwa unga, nyama haikuwemo. Wale mbwa walimjua, walimlamba mikono kila siku. Siku moja bwana alimtuma na barua kwa jirani, akarudi na jibu akiwa na haraka, akapitia mlango wa mbele badala ya kuzunguka jikoni. Mbwa wawili wakamwangusha kwenye ngazi. Kovu nililiona mwenyewe, alipokuwa mzee sana na hajali tena nani anamwona na kaptula. Alilisimulia bila hasira, kama mtu anayeeleza hali ya hewa: "Jikoni walinijua. Mbele hawakunijua."

Hiyo sentensi ndiyo nimekuwa nikiitafutia maana muda huu wote.

Njoro ina historia ndefu ya mbwa wa aina hiyo. Lord Delamere alikuwa na ranchi hapa mwanzoni mwa miaka ya 1900. Charles Clutterbuck akaja na farasi wake, na bintiye, Beryl Markham, akakulia hapa na mbwa aliyeitwa Buller, nusu bull terrier, nusu mbwa wa kondoo. Katika kitabu chake cha 1942, West with the Night, Buller ananyakuliwa na chui usiku na bado anapona. Kule Ngong, Karen Blixen alikuwa na Dusk, mbwa wa Scotland wa kuwinda paa. Sisemi watu wetu hawakuwa na mbwa. Wawindaji na wachungaji walikuwa nao kabla ya reli. Ninachosema ni kwamba mbwa wa walowezi wana majina na kurasa zao kwenye vitabu. Aliyewapikia anaitwa "boi", na hata hilo ni kama ametajwa.

Halafu kuna kesi ya Poole, ambayo kizazi changu karibu hakiijui. Tarehe 12 Oktoba 1959, kwenye Gordon Road, Nairobi, Peter Poole, Mwingereza mwenye duka, alimpiga risasi Kamawe Musunge, mfanyakazi wa nyumbani. Musunge alikuwa amewarushia mbwa wa Poole mawe ili kujikinga. Walowezi walijaribu kumwokoa Poole, maelfu wakatia saini, haikusaidia. Alinyongwa tarehe 18 Agosti 1960, Mzungu wa kwanza kunyongwa Kenya kwa kumuua Mwafrika. Baba alikuwa na miaka miwili. Anasema babu alilitaja jina la Poole hadi uzeeni, kila alipoona mtoto akiokota jiwe la kumrushia mbwa: "Weka chini. Kuna mtu alikufa kwa jiwe kama hilo."

Nilimuuliza Baba kwenye simu: kwa hivyo kati ya mbwa wote duniani, unataka huyo? Akakaa kimya kidogo. Akasema, "Nataka nione kama ni mbwa ama ni watu."

Basi nikaanza na mbwa.

German Shepherd hana umri mkubwa kama anavyoonekana. Mwaka wa 1899, kwenye maonyesho ya mbwa mjini Karlsruhe, kapteni wa jeshi la farasi wa Ujerumani aitwaye Max von Stephanitz alimwona mbwa wa kuchunga kondoo aliyempendeza, akamnunua palepale, akambadilisha jina kuwa Horand von Grafrath. Ndani ya mwezi huohuo akaanzisha chama, na Horand akawa wa kwanza kwenye daftari. Viwanda vilikuwa vinapanda, kondoo walikuwa wanapungua, na von Stephanitz aliona mapema kwamba mbwa wake akikosa kazi atapotea. Akampeleka kwa polisi na jeshi. Kwa hivyo mchungaji akawa askari kwa sababu ya kukosa ajira, jambo ambalo kijana yeyote wa Kenya anaweza kulielewa bila maelezo zaidi.

Vita vya Kwanza vikaja, na baada yake Waingereza hawakutaka kusikia neno "German" hata kwa mbwa. Mwaka wa 1919 wakamsajili kwa jina la Alsatian, kutoka jimbo la Alsace, na jina la zamani halikurudishwa rasmi hadi 1977. Ndiyo maana Baba husema Alseshen. Aibu ya Waingereza ya miaka mia moja iliyopita bado inaishi kinywani mwa mwalimu mstaafu wa hesabu wa Njoro. Na kibao chetu pia ni urithi wa namna hiyo. Mwalimu yeyote wa Kiswahili angekisahihisha kwa wino mwekundu: mbwa mkali. Lakini Kisetla, kile Kiswahili cha amri ambacho walowezi walikizungumza na wafanyakazi, hakikuwa na muda wa ngeli. Naamini kibao kilitoka huko. Wenye mageti walienda zao, sisi tukabaki na kosa lao la sarufi, tukalipigilia misumari.

Kitu kilichonishangaza zaidi ni jinsi mbwa huyuhuyu mmoja alivyopelekwa njia mbili kwa wakati mmoja. Mwaka wa 1916, mjini Oldenburg, Wajerumani walifungua shule ya kwanza ya kufunza mbwa kuongoza askari waliopofushwa na vita. Mwaka wa 1928, Mmarekani kipofu aitwaye Morris Frank alirudi kwao na Buddy, German Shepherd jike aliyefunzwa Uswisi, akavuka naye barabara za New York zenye magari mengi huku waandishi wa habari wakitazama. Miaka michache baadaye mbwa wa aina hiyohiyo wakawa wanalinda kambi za mateso za Wanazi. Mei 1963 picha za mbwa wa polisi wakiwararua vijana weusi mjini Birmingham, Alabama, zikazunguka dunia. Hapa kwetu, wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa 1952, jeshi la Uingereza lilitumia mbwa kunusa nyayo za wapiganaji wa Mau Mau msituni. Ngũgĩ wa Thiong'o alipomweka mbwa mkubwa wa daktari Mzungu ndani ya A Grain of Wheat mwaka wa 1967, hakuhitaji kumweleza msomaji wa Kenya kwa nini Karanja anaingiwa na hofu.

Kumbe swali la Baba lilikuwa limeshughulikiwa na watafiti, kwa namna fulani. John Paul Scott na John Fuller walilea mamia ya watoto wa mbwa katika maabara ya Bar Harbor, jimbo la Maine, na kuchapisha kitabu mwaka wa 1965. Walitumia aina tano, mmojawapo basenji, mbwa wa Kongo. Waligundua kwamba kuna dirisha, kuanzia wiki ya tatu hivi hadi wiki ya 12 au 14, ambapo mtoto wa mbwa anaamua ni nani wa kawaida duniani na ni nani wa kuogopwa. Katika jaribio moja lililoripotiwa mwaka wa 1961, watoto ambao hawakukutana na binadamu kabisa hadi wiki ya 14 walibaki na hofu, na ikawa shida sana kuwafunza baadaye. Baada ya hapo dirisha linaanza kufungika. Bado unaweza kufunza, lakini unafunza juu ya msingi uliokwisha kumwagwa.

Nilipoisoma nilimfikiria babu kwenye zile ngazi. Mbwa wa bwana walimjua mtu wa sufuria, jikoni, na aproni. Mwafrika anayepanda ngazi za mbele hawakuwahi kumwona, kwa sababu hakuruhusiwa kuwepo. Hakuna aliyehitaji kuwafunza ubaguzi kwa kiboko. Ilitosha kuwalea ndani ya nyumba iliyopangwa hivyo.

Hii si historia tu, hata leo watu wanaofanya kazi mitaa ya mageti makubwa Nairobi watakuambia kuhusu mbwa anayemnyamazia mgeni wa gari na kumrukia mtu wa boda. Tunacheka. Lakini huyo mbwa alifundishwa na mtu mweusi kama sisi.

Basi orodha yangu kwa Baba ikabadilika. Jambo la kwanza, kabla ya banda, ni watu. Nimemwandikia wa kukutana na mtoto wa mbwa ndani ya wiki sita za kwanza: kijana wa maziwa, mama mboga, watoto wa shule wenye kelele, mtu wa boda akiwa na helmeti, mzee wa bakora, mwanamke wa buibui, jirani Mhindi wa pale mjini, fundi mwenye nyundo. Wote wapitie mlango wa mbele. Hapo ndipo Baba alicheka kwa mara ya kwanza.

Shida ni kwamba chanjo hazimalizi mapema. Parvo, ugonjwa uliozuka duniani mwaka wa 1978 na unaomaliza watoto wa mbwa kwa siku chache, unapatikana kwenye udongo ambapo mbwa wengine wamepita, na mfululizo wa chanjo huendelea hadi karibu wiki ya 16. Ukingoja zikamilike, dirisha limefungwa. Suluhisho ni kumbeba. Akija atakuwa na kilo sita, saba hivi, na kila wiki atakuwa mzito kuliko iliyopita. Goti la kulia la Baba ni bovu. Tumekubaliana kutumia wilbaro yenye blanketi, na tayari majirani wana maoni.

Ya kichaa cha mbwa hatujabishana. Kisa cha kwanza kuthibitishwa Kenya kilikuwa cha mbwa, kando ya Nairobi, mwaka wa 1912, na bado tunapambana nacho. Hiyo sindano atachomwa.

Tulichobishania ni kiboko. Mwaka wa 1910 Mjerumani Konrad Most aliandika kitabu cha kufunza mbwa wa polisi, kwa mnyororo wa shingo na mjeledi, na mtindo huo ukatawala miaka mingi. Wengine, kama Keller na Marian Breland waliosoma kwa B. F. Skinner, walianza miaka ya 1940 kuonyesha kwamba mnyama hujifunza vizuri akilipwa. Nikamwambia Baba: vipande vidogo vya maini, kila anapotembea kando yako bila kuvuta. Aanze akiwa mdogo, kwa sababu dume akikomaa ana kilo 30 hadi 40, na mzee wa goti bovu akivutwa mara moja tu anavunjika nyonga.

"Nilifunza watoto kwa kiboko," akasema, "mpaka serikali ikakataza 2001. Sasa mbwa ndiye nimpe maini?"

"Na hao watoto walijua hesabu?"

"Walijua kuniogopa." Kisha akasema atanunua maini.

Mengine ni ya kawaida. Asilishwe kupita kiasi ili akue haraka, kwa sababu mifupa ya mbwa mkubwa ikikimbizwa huharibika. Asiongezewe kalsiamu ovyo. Asirukeruke kwenye ngazi mwaka wa kwanza. Tumwangalie mama na baba yake kabla ya kulipa, hasa nyonga na tabia, na mwenye kuuza akikataa kutuonyesha mama, tunarudi nyumbani mikono mitupu.

Jumamosi tunaenda Naivasha kuangalia watoto sita. Jambo moja limebaki. Mbwa huyu ataishi miaka kumi, labda kumi na mitatu. Baba ni mtu wa hesabu, alishaipiga kabla yangu. Wiki jana alitoa karatasi ya mraba kwenye daftari lake la zamani, akaandika tarehe, aina ya mbwa, jina la daktari wa mifugo. Chini akaandika: "Nisipokuwepo, mbwa ataishi na..." akaniachia nafasi, akanipa kalamu, akaenda kufungia kuku.

Karatasi iko mezani, chini ya kopo la sukari. Nimerudi Njoro kwa mwezi mmoja, hivyo ndivyo nilivyowaambia marafiki. Kalamu bado iko kando yake.