Rojo la Karatasi na Bronzi: Malighafi katika Sanamu za Wangechi Mutu

Wahakiki wengi huisimulia safari ya Wangechi Mutu kana kwamba alikuwa akipanda cheo: alianza na kolaji za karatasi na gundi, akafikia bronzi, na mwaka 2019 sanamu zake zikawekwa kwenye ukuta wa mbele wa makumbusho ya Metropolitan, New York. Usimulizi huo unaipindua kazi yake. Ninadai kwamba Mutu hakuiacha kolaji alipoanza kufinyanga. Na kila bronzi ilipoifuta kolaji, sanamu zilipata ukubwa zikapoteza makali.

Mutu alizaliwa Nairobi mwaka 1972, akasoma Wales, kisha Cooper Union na Yale, alikopata shahada ya uzamili mwaka 2000. Siku hizi anafanya kazi Nairobi na New York. Wasifu na utoshe hapo. Lenye uzito ni kile alichokuwa akibandika katikati ya miaka ya 2000: midomo, miguu na vito vilivyokatwa majaridani, juu ya michoro ya kitabibu ya uvimbe wa mji wa mimba. Nguvu ya kolaji hizo ilikuwa katika maungio yake. Mtazamaji aliona kila kipande kimetoka wapi, na kwamba daktari na mpiga picha wa mitindo walikwisha kuukagua mwili huo wa mwanamke kabla yake.

Maungio hayohayo yamo katika mfululizo wake wa sanamu za Sentinel. Humo mwanamke husimamishwa kwa udongo mwekundu, gundi ya mbao, pembe, nywele, na rojo la karatasi. Hili rojo wahakiki hulipita haraka mno. Karatasi iliyokuwa picha sasa imepondwa ikawa nyama ya sanamu, lakini pembe inabaki pembe na udongo unabaki udongo.

Tazama sasa The NewOnes, will free Us, wanawake wanne wa bronzi waliowekwa mwaka 2019 katika vishubaka vya Metropolitan vilivyokuwa vitupu tangu 1902. Wazo lake ni kali. Katika viti vya enzi vya Waluba wa Kongo, kama katika mahekalu ya Wagiriki, mwanamke hubebeshwa mzigo. Hawa wameketi, hawabebi chochote. Visahani vyao vinavyong'aa vinamkumbusha mtu wa kwetu ndonya za midomoni. Hata hivyo, kusubu kumeyeyusha tofauti zote: ngozi, vazi na pambo vimekuwa chuma kimoja. Water Woman ya 2017, nguva wa simulizi za pwani yetu, ina kasoro hiyohiyo. Ni laini kupita kiasi.

Atakayenipinga atataja sanamu za Shavasana, na hapo nitamkubalia. Ni bronzi pia, lakini bronzi iliyoshika umbo la mkeka uliofunika mwili, mikono na miguu ikichungulia. Mwaka 2021 sanamu hizo zililazwa uani mwa Legion of Honor, San Francisco, mbele ya The Thinker ya Rodin. Zinafaulu kwa sababu ukili bado unaonekana, na mwili uliofunikwa umebaki kitu cha pili.

Kwa hiyo, makumbusho ya Afrika Mashariki yakipata fungu la kununua kazi moja tu ya Mutu, yanunue Sentinel, gharama ya kuuhifadhi udongo wake iwe iwavyo.