Mji usio na nyumba

Wadau, nilipotea kidogo, mitihani ilinibana. Leo nina stori ya historia.

Mi mtoto wa Sibwesa. Kwetu ukiambiwa uchore mji, unachora ghorofa na magari, basi. Juzi maktaba nikakuta picha ya mistari mitupu imevurugana, eti ndio mji! Nikacheka peke yangu. Kisha nikasoma maelezo, kicheko kikaisha.

Mchoraji ni Julie Mehretu, mzaliwa wa Addis Ababa, 1970. Mwaka 1974 jeshi likampindua Haile Selassie, nchi ikachafuka, na 1977 familia yake ikahamia Marekani, yeye bado mdogo.

Mwaka 2012 akamaliza Mogamma: picha 4, kila moja ina kimo cha zaidi ya mita 4. Jina ni la jengo lililokuwa na ofisi za serikali pale uwanja wa Tahrir, Cairo, walikofurika waandamanaji mwaka 2011. Chini kachora michoro ya majengo ya viwanja mbalimbali, ukiwemo Meskel wa Addis. Juu kaweka rangi angavu na alama za wino, tabaka kwa tabaka, mpaka majengo yanakaribia kuzama.

Jamani, siku ya kwanza nashuka basi Dar niliona hivyohivyo! Ghorofa sikuziona, niliona vurugu tu.

Ila kuna kitu kimeniuma. Sibwesa nimeondoka miaka 3, na nyumba za jirani zimeanza kunifutika kichwani. Likizo hii naenda na daftari, nichore hata mistari.

Haya, tuonane.