Vijidudu Vizalishavyo Methani Katika Maziwa ya Magadi

Vijidudu vizalishavyo methani ni viumbe wa kundi la akea, wasioonekana kwa macho, wanaoishi mahali pasipo na oksijeni. Baadhi yao hustawi kwenye tope la maziwa yenye alkali kali, likiwemo Ziwa Magadi nchini Kenya, ambako pH ya maji hukaribia 10.

Aina iitwayo Methanosalsum zhilinae ilitambuliwa kisayansi mwaka 1988 kutoka Wadi el Natrun nchini Misri, na baadaye ikapatikana Magadi. Hukua vyema katika pH ya takriban 9.2. Haitumii haidrojeni, hutengeneza methani kutokana na methanoli na methilamini. Methilamini hupatikana pale zinapovunjwa kemikali ambazo viumbe wa maji ya chumvi huzihifadhi mwilini ili wasikaushwe na chumvi.

Katika kipindi cha miaka 20, methani hunasa joto zaidi ya mara 80 ya kabonidioksidi yenye uzito sawa. Kwa hiyo, hesabu ya methani itokayo katika mazingira asilia haipaswi kuyaacha maziwa haya kwa kudhani kuwa ukali wa maji yake umeondoa uhai.