"Loyal" kwa Nani? Kivumishi Kimoja Katika Historia ya Nyeri

Mwalimu mwenzangu, mpe mtahiniwa sentensi ya Kiingereza yenye kivumishi "loyal" aitafsiri. Ataandika mwaminifu au mtiifu, nawe aghalabu utamtuza kwa lolote kati ya hayo mawili. Kwetu Nyeri kivumishi hiki kina historia inayotulazimu kusita kidogo.

Hali ya hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ilianza kuwapima Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa neno hilo. Baadaye sifa ikageuzwa kuwa cheti. Asiyekuwa nacho hakupiga kura Machi 1957, Waafrika wa Kenya walipochagua wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza. Dedan Kimathi, aliyehukumiwa papa hapa mjini Nyeri, alikuwa amenyongwa Kamiti tarehe 18 Februari; hata mwezi haukuwa umetimia. Wakikuyu walikuwa wengi mkoani, ila wengi wao hawakuwa na cheti. Bernard Mate wa Meru akamshinda Eliud Mathu, aliyekuwa barazani tangu 1944. Kumbe kivumishi huweza kuamua kiti!

Wanakijiji wenyewe hawakujisumbua kulitafsiri neno hilo. Waliokuwa upande wa serikali wakilinda vijiji waliitwa ngati, au kamatimu, kwa sababu ya mikuki waliyobeba. Hilo ni jina la kazi wala si la sifa.

Turejee kwenye sarufi. Mtiifu hutokana na kitenzi tii, mwaminifu na amini. Mtiifu hufuata amri ya aliye juu yake. Mwaminifu hutunza alichoaminiwa, hata na aliye chini. Kiingereza huyafunika yote mawili kwa neno moja. Mwenye cheti, basi, alihesabiwa kuwa mtiifu kwa serikali. Kama alikuwa mwaminifu, na kwa nani, hilo ni swali la insha nzima, kwani wapo waliokitafuta ili kunusuru shamba au jamaa.

Na Kimathi je? Tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo ilipotafsiriwa kwa Kiswahili iliitwa Mzalendo Kimathi, jina linalovikwepa vivumishi vyote viwili. Mtahiniwa anayeandika kwamba Kimathi hakuwa mwaminifu kwa kuwa aliasi, ameazima macho ya karani wa vyeti. Mdai aongeze "kwa" na nomino. Akishindwa, usimtuze.