Laptopu Nyembamba Yenye Nguvu: Kabla Utoe Laki Mbili na Nusu, Soma Historia

Swali ninaloulizwa sana siku hizi si la mapenzi wala la kupata wafuasi. Ni hili: "Buda, hii laptopu mpya nyembamba, wanasema ina nguvu kama kompyuta ya mezani. Ninunue ama ni kelele tu?" Na wanaouliza si watoto wa Runda. Ni msee wa video za harusi Rongai, ni dada anayesomea usanifu wa majengo, ni kijana wa biti huko Kayole ambaye ameweka pesa kwa chama miaka miwili. Mimi mwenyewe niko kwa hiyo foleni. Chuo niliacha, kazi ya video ndiyo inalipa nyumba, na pesa ninayofikiria kutoa kwa mashine moja ingelipa karo ya mihula kadhaa. Kwa hivyo tangazo halinitoshi.

Nilikaa chini nikaanza kufuatilia hizi laptopu nyembamba zilitoka wapi. Nilichokiona ni kwamba kila mara kampuni inapotoa mashine nyembamba kuliko ya jana, kuna kitu kimetolewa ndani ili ile mashine ifunge. Kitu hicho hawakiandiki kwa boksi. Ni wewe ukitafute kabla ya kulipa.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1981 kulikuwa na kompyuta ya kubeba inaitwa Osborne 1. Bei dola 1,795, uzito kama kilo 11, na haikuwa na betri. Yaani "kubeba" hapa ni vile unabeba mtungi wa gesi. Mwaka uliofuata ikaja GRiD Compass, ambayo ilikuwa inafungwa kama laptopu ya leo, kava ya magnesiamu, uzito kama kilo 5. Bei? Dola 8,150. Hadi NASA walienda nayo anga za juu. Wakati huo wepesi ulilipiwa kwa pesa taslimu, hakuna siri.

Siri zilianza Januari 2008. Steve Jobs alisimama jukwaani San Francisco, akachukua bahasha ya kaki, ile ya ofisi, akatoa MacBook Air ndani yake. Ukumbi ulienda wazimu. Hiyo picha ndiyo imeuza laptopu nyembamba hadi leo. Lakini angalia kilichokuwa ndani ya bahasha: RAM ya gigabaiti 2 iliyochomelewa kwa bodi, mlango mmoja wa USB, diski ya gigabaiti 80 ya mwendo wa kobe, na hakuna mahali pa kuweka sidii. Bei ilianza dola 1,799, karibu sawa na ile Osborne, ingawa dola za 1981 zilikuwa nzito zaidi. Ulikuwa unalipa zaidi upate mashine yenye vitu vichache. Watu walicheka, kisha miaka mitatu baadaye kila mtu alikuwa anaiga. Mwaka 2011 Intel walitangaza jina "Ultrabook", wakatenga dola milioni 300 kusukuma kampuni zingine zitengeneze laptopu za aina hiyo, na tangu hapo unene ukawa namba ya kujigamba.

Sasa hapa ndipo sayansi inaingia, na tafadhali usikimbie, ni rahisi. Umeme wote unaoingia kwa chipu unatoka kama joto. Ukikumbuka zile balbu za zamani za wati 100, unajua huwezi kuishika ikiwa imewaka. Laptopu yenye nguvu ikifanya kazi ngumu inakula kiasi kama hicho au zaidi, lakini ndani ya kava yenye unene wa kidole chako kidogo. Hilo joto lazima litoke, na kinacholitoa ni mirija ya shaba, mapezi ya chuma na feni, yaani vitu vinavyohitaji nafasi. Nafasi ikikosekana, chipu haiungui. Inajipunguza mwendo yenyewe, kimyakimya. Ulilipia gari la kilomita 200 kwa saa, na ukifika barabara kuu linashuka hadi 90 bila kukuambia.

Mfano wa kujulikana zaidi ni wa Julai 2018. Apple walitoa MacBook Pro ya inchi 15 yenye Core i9 ya kori 6, kwenye kava ile ile nyembamba, sentimita 1.55. Mtayarishaji mmoja wa YouTube, Dave Lee, akaipima kwa kutoa video. Ikawa polepole kuliko ya mwaka uliotangulia, ambayo ilikuwa na chipu dhaifu! Akaiweka ndani ya friza, akatoa video ile ile, ikaenda kasi. Friza, wasee. Apple waliomba radhi siku chache baadaye, wakasema kuna ufunguo wa kidijitali uliokosekana kwenye programu ya ndani, wakatoa marekebisho. Mambo yakawa nafuu, ni kweli. Lakini toleo la inchi 16 lililofuata mwaka 2019 lilikuja nene zaidi, sentimita 1.62, na mfumo mkubwa wa kupoza. Mimi nasoma hiyo kama jibu.

Na kuna ile kibodi. Kuanzia 2015 walitumia kibodi mpya ya vitufe vifupi sana ili kupunguza unene. Punje ya vumbi ikiingia, herufi inakwama au inajiandika mara mbili. Hebu fikiria kibodi hiyo Kitengela mwezi wa Januari, upepo ukivuma. Marekani watu walienda kortini, na mwaka 2022 Apple wakakubali kulipa dola milioni 50 kumaliza kesi. Pesa hizo zilikuwa za wanunuzi wa majimbo saba ya Marekani tu. Mkenya aliyeinunua kwa bei kamili hakuwa kwa hiyo hesabu, na hilo ni jambo ninalofikiria kila nikisikia neno "waranti".

Kwa haki, lazima niseme kuna mwaka ambao wembamba ulikuja bila kukukata mguu. Novemba 2020, chipu ya M1. MacBook Air isiyo na feni hata moja ikaanza kushinda mashine za bei ya juu, na betri inakaa siku nzima. Hapo joto lilipungua kwa sababu chipu yenyewe inakula umeme kidogo. Hata hivyo malipo hayakuisha, yalihama tu. RAM iliwekwa pamoja na chipu, kwa hivyo unachonunua siku ya kwanza ndicho utakachokufa nacho. Na kwa kazi ndefu ya video, ile isiyo na feni bado inapungua mwendo. Halafu 2021 wakatoa MacBook Pro za inchi 14 na 16, na ya inchi 16 ikawa nene tena, sentimita 1.68. Wakarudisha mlango wa HDMI na tundu la kadi ya kamera, vitu walivyoviondoa 2016. Miaka mitano tulinunua vile vidude vya kuunganisha, shilingi elfu mbili hapa, elfu tatu pale, ili wao waweze kusema ni nyembamba.

Upande wa Windows mchezo ni mwingine, na ni mgumu kuuona. Mwaka 2017 Nvidia walileta kitu kinaitwa Max-Q: kadi ya grafiki yenye jina lile lile kubwa lakini inayolishwa umeme kidogo ili iingie kwa kava nyembamba. Angalau mwanzoni waliandika "Max-Q" kando ya jina. Kufikia 2021 hiyo alama ikaanza kupotea. RTX 3080 ya laptopu ingeweza kupewa wati 80 ama wati 150, na zote kwa boksi ni "RTX 3080". Watu walipiga kelele hadi Nvidia wakawaambia watengenezaji waanze kuandika wati kwenye tovuti zao. Sasa niambie, ukiingia duka lolote Kimathi Street, ile karatasi iliyobandikwa kando ya mashine inasema nini? Core i7, 16GB, 1TB, RTX. Wati hakuna. Muuzaji mwenyewe ukimuuliza anadhani unauliza chaja.

Chukua laptopu ambayo nyinyi mnaniuliza zaidi, ASUS ROG Zephyrus G14. Ya kwanza ilitoka 2020, kilo 1.6, na ilitingisha soko. (Haikuwa na kamera ya mbele. Mwaka 2020. Mwaka wa Zoom.) Toleo la 2023 lilikuwa nene kiasi na kadi yake iliweza kufika wati 125, hadi RTX 4090 ilipatikana. Toleo la 2024 likaja na kava mpya ya alumini, skrini ya OLED tamu ajabu, kilo 1.5, unene kama sentimita 1.6. Kila mtu akasema ndiyo laptopu nzuri kuliko zote, na kwa macho nakubali. Lakini kadi kubwa zaidi ikawa RTX 4070 ya wati 90, na RAM yote ikachomelewa kwa bodi, wakati zamani ungeongeza kipande kimoja mwenyewe. Toleo jipya, zuri zaidi, lenye dari ya chini. Sisemi ni mbaya. Nasema kama ulikuwa unapiga hesabu ukidhani namba ya mwaka mpya lazima ni nguvu mpya, hesabu yako ina shimo.

Ile ya 4070 na RAM ya gigabaiti 32 ilikuwa dola 1,999 Marekani. Kwa shilingi 129 kwa dola hiyo ni karibu 258,000 kabla ya usafiri, ushuru na faida ya mwenye duka. Betri yake ni wati-saa 73. Gawanya mwenyewe: ikila wati 120, stima ikipotea una dakika kama 36. Kwa sababu hiyo mashine za aina hii zikitoka kwa plagi zinajipunguza mwendo, na mimi naishi mtaa ambao stima hupotea bila hodi. Kwa mtu anayefanya kazi ofisi yenye jenereta hii si hoja. Kwangu ni hoja kubwa.

Kuna kitu kingine cha hapa kwetu. Laptopu za zamani ndizo zilijenga mafundi wa Nairobi. Ex-UK ya elfu ishirini na kitu, unaongeza RAM kwa fundi, unaweka SSD, inaishi miaka mingine mitano. Watu wangapi mnaonisoma mlianzia hapo? Vikichomelewa vyote kwa bodi moja, fundi anabaki na kazi ya kubadilisha skrini na kusafisha feni. RAM ikifa, umenunua bodi nzima. Kwa hivyo ukichukua nyembamba, chukua RAM ya kutosha miaka mitano mbele. Kwa video, chini ya gigabaiti 32 mimi sipendekezi kwa mtu anayetoa zaidi ya laki mbili.

Na kama kazi yako ni kuandika, kufungua kurasa na kutazama filamu, achana na mjadala huu wote. Hiyo pesa nunua kitu kingine.

Mimi nimeamua hivi. Sinunui mpya. Natafuta ile MacBook Pro ya inchi 14 ya 2021, iliyotumika, gigabaiti 32, kwa sababu mwendo wake kwa betri na kwa plagi ni karibu sawa na kadi ya kamera inaingia moja kwa moja. Nikiipata nitampa muuzaji faili yangu ya video ndefu, nitaitoa kwa dakika ishirini mfululizo palepale kaunta, na nitaangalia dakika ya mwisho, si ya kwanza. Akikataa, kuna maduka mengi. Halafu nitamwomba aifute yote na kuiwasha upya kama mpya mbele yangu, ikiwa imeunganishwa na intaneti, kwa sababu nyingi zinazoingia zilikuwa za kampuni za nje. Ukiona imeandika kwamba inasimamiwa na kampuni fulani, ama inadai nywila ya mtu usiyemjua, mrudishie mashine yake na pesa ibaki mfukoni.